Waya Nyeusi Inaenda Chini

Simu ikilia nyumbani kwa kina Aksanti, mjini Columbus, na aliyepiga akawa anazungumza Kiingereza, hakuna mtu mzima aliyeigusa. Mama Nzigire aliitazama, Papa Bagula naye akaitazama, kisha wote wawili wakaita jina moja. Aksanti alitoka bafuni na mswaki mdomoni, akasikiliza, akajibu, akawaambia wazazi wake kwamba mwenye nyumba atakuja kuziba bomba siku ya Jumanne. Halafu akarudi kusukutua. Ndivyo asubuhi nyingi zilivyoanza kwao mwaka ule wa 2015.

Aksanti alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walitoka Kivu ya Kusini, Kongo, wakakaa kambini Uganda miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani. Papa alifanya kazi kwenye ghala la mizigo, Mama aliwahudumia wazee huko Gahanna, na Kiingereza chao kilikuwa cha kazini tu. Kiingereza cha Aksanti kilimkaa mdomoni upesi, hata akiongeleshwa Kiswahili alijibu Kiingereza, isipokuwa akitafsiri. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba nzima, kwa daktari wa meno, dukani, na hata kwa majirani.

Kazi hiyo ilimvimbisha kichwa kidogo, tuseme ukweli. Si kosa kubwa, maana ni nani asiyependa kusifiwa? Kosa lilikuwa jingine. Mara kwa mara alikutana na neno asilolijua, na hapo badala ya kusema hajui, alilijaza mwenyewe. Alibuni maana inayofaa, akaisema kwa sauti kavu, na watu wazima wakaitikia kwa kichwa. Mpaka wakati huo halikuwa limetokea lolote baya, basi akadhani halitatokea.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, Papa alitoka nje na bisibisi, koleo na utepe mweusi wa umeme. Chini ya kwapa alibeba redio ya gari. Redio hiyo ilikuwa ya shangazi Sandrine wa Buffalo. Gari la shangazi liliposhindwa na kutu na kuuzwa kama chuma chakavu, aliing'oa redio yake na kumtumia kaka yake, maana ya Bagula, ile iliyokuja na gari kutoka kiwandani, ilikuwa imenyamaza kabisa. Hii ya shangazi ilipokea flashi, na flashi ndiyo Papa aliyoitaka. Bibi, yaani mama yake mzazi, alikuwa ametoka kambini na kupokewa Louisville, nyumbani kwa baba mdogo Hyacinthe. Papa hakuwa amemwona mama yake kwa miaka mingi. Wiki iliyofuata wangekwenda kumchukua, aje kukaa nao, na Papa alitaka arudi naye njia nzima akisikiliza nyimbo za kwaya za kwao.

"Aksanti, njoo unitafsirie," Papa aliita.

Aksanti alijibanza kwenye kiti cha dereva, simu mkononi, akafungua video ya mtu anayefundisha jinsi ya kubadilisha redio ya gari. Mtu huyo alizungumza upesi kama anafukuzwa. Baridi ilikuwa kali, na nyuma ya majengo rafiki yake Umutesi alikuwa anamngoja wakateleze kwenye kilima cha theluji. Papa alikwisha kuitoa redio ya zamani, na pale ilipokuwa palibaki shimo jeusi lenye nyaya zinazoning'inia.

"Bon," Papa alisema. "Hii ya manjano?"

"Ya manjano inapata moto wa betri wakati wote, hata gari likizimwa."

"Nyekundu?"

"Nyekundu inapata moto ukizungusha ufunguo."

Papa aliziunga moja moja, taratibu, akizifunga kwa utepe. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. "Na nyeusi?"

Mtu wa kwenye video alikuwa amesema kwamba nyeusi inaenda kwenye "ground". Neno hilo Aksanti alilijua vizuri. Ni pale unapoanguka ukicheza mpira, yaani chini, ardhini. Lakini waya ya redio inakwendaje ardhini? Alihisi kwamba hapo pana kitu hakielewi. Angeweza kurudisha video nyuma. Umutesi akapiga mluzi kutoka kilimani.

"Nyeusi inaenda chini," Aksanti alisema.

"Chini wapi?"

"Chini tu, Papa. Ndivyo alivyosema."

"Haifungwi mahali?"

"Haifungwi."

Papa aliishika ile waya nyeusi kwa muda, akiiangalia kama mtu anayetaka kukumbuka jina. Alifungua kinywa, akakifunga. Kisha akaviringisha utepe kwenye ncha yake na kuiteremsha chini, ndani kabisa, mahali pasipoonekana. Akachomeka waya nene ya antena nyuma ya redio. Redio ilikuwa ndogo kuliko tundu, ikacheza-cheza, kwa hiyo akachukua kipande cha kitenge kuukuu cha Mama na kukisokomeza nyuma yake ili itulie. Alipozungusha ufunguo, redio iliwaka taa ya buluu na kwaya ikaanza kuimba. Papa alicheka peke yake. Aksanti alikuwa amekwisha kukimbilia kilimani.

Sasa msomaji, kama ungekuwa ndani ya gari lile wiki ile, ungesikia jambo. Chini ya sauti za kwaya palikuwa na mluzi mwembamba. Papa akikanyaga mafuta, mluzi ulipanda. Akiachia, ulishuka. Gari likisimama kwenye taa nyekundu, uliendelea kuvuma taratibu, kama kuna mtu ndani ya dashibodi anavuta pumzi.

"Ni nini hicho?" Mama aliuliza.

"Ni redio ya mtumba," Papa alisema. "Ina kikohozi chake."

Kisha ikaja harufu. Haikuwa kali, ilikuja na kupotea, harufu ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko. Mama aliinusa akimpeleka mdogo wake Aksanti, Byamungu, kwa mlezi. Papa alisema ni chumvi ya barabarani imeshika ekzosi. Aksanti, aliyekaa nyuma karibu na kiti cha mtoto, alifungua dirisha kidogo. Bado hakujua sababu.

Kesho yake baada ya redio kufungwa, Jumapili, walikuwa wamekwenda kanisani Westerville. Baada ya ibada, Papa aliwaita wenzake mpaka kwenye gari, akawasha redio. Mzee Ferdinandi, aliyekuwa akiongoza kwaya, aliinama dirishani kusikiliza.

"Umefunga mwenyewe?" Mzee Ferdinandi aliuliza.

"Mimi nilikuwa mikono tu," Papa alijibu, akamshika Aksanti begani. "Aliyejua kila waya inakwenda wapi ni huyu."

Wote walimtazama kwa furaha. Aksanti alitabasamu, na mkono wa baba ulikuwa mzito begani mwake.

Jumatano, darasa la sayansi lilikuwa na somo la umeme. Mwalimu wao, Bi Hadley, alichora betri, taa na nyaya mbili, kisha chini akachora mistari mitatu mifupi. Akasema mchoro huo ni "ground". Aksanti aliinua kichwa. Bi Hadley alieleza kwamba umeme ukienda lazima upate njia ya kurudi. Kwenye gari, njia hiyo ni chuma cha gari lenyewe, na ndiyo maana waya nyeusi hufungwa kwa nguvu kwenye chuma kisicho na rangi.

"Isipofungwa je?" Aksanti aliuliza.

"Hapo umeme utatafuta njia nyingine," mwalimu alisema. "Utapita popote unapoweza. Na kama njia hiyo ni nyembamba, itapata joto, itayeyuka, hata inaweza kuwasha moto."

Aksanti hakusikia tena somo lile. Aliona shimo jeusi kwenye dashibodi, waya ikining'inia gizani, na kile kipande cha kitenge. Akakumbuka pia neno alilokuwa akilisikia Papa na baba mdogo wakizungumza mambo ya zamani ya Bukavu, walipokuwa wakiunganisha redio kwenye betri: moto na masi. Moto ni umeme unaoingia, na masi, neno la mafundi lililotoka kwenye Kifaransa, ni ile waya inayofungwa kwenye chuma. Lilikuwepo kwenye Kiswahili cha baba yake wakati wote, naye akampa "chini".

Jioni alimkuta Papa akipiga pasi shati lake jeupe. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo ambao mama yake aliupenda.

"Papa," Aksanti alisema.

"Nini, mama yangu?"

Aksanti alisogea mpaka kwenye meza ya pasi. Aliufikiria ule mkono begani, na nyuso za watu wa kanisani. Kama angesema, nani angemwamini tena kwenye simu, dukani, kwa daktari? Akajiambia kwamba gari limekwenda siku zote hizi na halijatokea lolote. Akajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna kitu, akaenda kulala. Aibu hiyo ilimfunga mdomo, na Jumamosi wote wangepanda gari lile pamoja naye.

Jumamosi waliondoka kungali na ukungu. Mbingu ilikuwa ya kijivu, theluji chafu imelala kando ya barabara kuu ya 71, na malori yakiwapita yalirusha maji ya chumvi kwenye vioo. Mama alikaa mbele, Aksanti nyuma, na Byamungu amefungwa kwenye kiti chake, soksi moja imemtoka. Papa alichomeka flashi. Mluzi ukaanza papo hapo, mkali kuliko siku zote.

Walivuka Cincinnati, wakavuka mto, wakaingia kwenye vilima vya Kentucky. Kwenye kila mwinuko gari lilinguruma, na mluzi ulipanda nalo. Sasa ulikuwa wimbo, mluzi, wimbo, mluzi. Mara redio ilikatika, taa ya buluu ikazimika, kisha ikarudi yenyewe.

"Hita hii inanichoma magoti," Mama alisema, akisogeza miguu.

Papa alinyoosha mkono kuipunguza hita. Akakuta kitufe kiko kwenye baridi. Akapandisha sauti ya kwaya, kwa sababu wimbo wa mama yake ulikuwa umefika.

Kitu pekee kilichobaki kuunganisha redio na chuma cha gari kilikuwa waya ya antena, na Aksanti alijua inapita wapi, maana aliiona siku ile. Ilipita nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya magoti ya Mama. Harufu ikaja, safari hii haikupotea. Byamungu alianza kukohoa. Aksanti aligeuka. Alimtazama mdogo wake, mikanda yote mitano imembana kifuani, na akawaza itachukua muda gani kuifungua kama kutakuwa na moshi.

"Papa, simamisha gari."

Papa alimtazama kwenye kioo. Kilichomshtua kwanza ni kwamba binti yake amezungumza Kiswahili, tena si kwa kutafsiri.

"Unataka kutapika?"

"Simamisha, Papa. Si hita. Ni ile waya nyeusi. Nilikudanganya. Sikuelewa alichosema yule mtu, nikasema chini. Haikuwa chini, ilikuwa masi. Tafadhali simamisha."

Papa aliwasha taa za ishara na kuingia pembeni, magurudumu yakikwaruza barafu. Hata kabla gari halijasimama, uzi wa moshi wa kijivu ulitoka kwenye mwanya kati ya redio na dashibodi, ukapanda polepole mbele ya kioo. Kwaya iliendelea kuimba.

"Tokeni," Papa alisema. "Nzigire, mtoto."

Mama alikuwa nje tayari. Aksanti alikwisha kuanza na mikanda, akafungua, akamkumbatia Byamungu na kukimbilia kwenye nyasi zilizoganda. Papa alifungua boneti, akachukua spana na kuiondoa waya ya betri. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Kisha akaingia, akaing'oa redio kwa mikono, akakivuta kile kipande cha kitenge na kukitupa thelujini. Pembeni kilikuwa kimeungua, na ukingo wake ulikuwa mwekundu, ukila kuelekea katikati. Mama aliukanyaga. Waya ya antena ilikuwa imeyeyuka ngozi yake yote, shaba imebaki uchi.

Malori yalipita. Mama alimfunika Byamungu kwa koti lake, macho yake hayatoki kwenye kitenge. Aksanti alisimama akilia bila sauti, akingoja kugombezwa, na angeona nafuu kama angegombezwa.

Papa alikuja akachuchumaa mbele yake. Mikono yake ilikuwa na masizi.

"Nilijua," alisema.

Aksanti hakuelewa.

"Nilipoishika ile waya nilijua ni masi. Moto na masi, kaka zangu walinifundisha kabla sijaota ndevu. Sijaona redio yoyote duniani ambayo waya yake nyeusi inaachwa hivi hivi. Lakini nikajiambia, huku ni Amerika, magari ya hapa yana mambo yake, na mtoto wangu ndiye anayejua Kiingereza. Niliona aibu kukuambia kwamba sielewi. Wewe ukaona aibu kuniambia kwamba hujui. Donc, basi, aibu mbili tukazipakia kwenye gari moja na mtoto mdogo."

"Nilijua tangu Jumatano," Aksanti alisema. Hilo nalo lilipaswa kutoka. "Mwalimu alieleza. Nikanyamaza."

Papa alifumba macho. Mama ndiye aliyejibu, na sauti yake haikuwa laini. "Tangu Jumatano nimempakia Byamungu kwenye gari hili kila asubuhi, Aksanti."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamvuta, akamwingiza ndani ya koti pamoja na mtoto. Alikuwa bado na hasira, na mikono yake ilimshika kwa nguvu.

Papa alizifunga ncha zote za nyaya kwa utepe, akairudisha waya ya betri, akakaa kitako kuhakikisha hakuna kitu kinachofuka tena. Waliendelea na safari bila redio, na shimo jeusi liliwatazama mpaka Louisville.

Bibi alikuwa mlangoni amevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi. Papa aliingia mikononi mwake na kukaa humo, na shati jeupe likachafuka masizi na machozi. Hakukuwa na wimbo wowote, na hakuna aliyeukumbuka.

Mchana, baba mdogo Hyacinthe, aliyerudi kutoka kazini kiwandani Jeffersontown, aliingia na kaka yake ndani ya gari. Walinunua waya mpya ya antena, wakatafuta boliti kwenye chuma nyuma ya dashibodi, wakakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Papa alimwita Aksanti, akampa spana.

"Kaza mwenyewe," alisema.

Aksanti aliikaza waya nyeusi kwenye chuma. Redio ilipowashwa, mluzi haukuwepo. Zilibaki sauti za kwaya peke yake.

"Sasa nisikilize," Papa alisema, akiwa amekaa ukingoni mwa kiti, miguu nje. "Sitakuondoa kwenye kazi yako. Tunakuhitaji, na unaifanya vizuri. Lakini kuna neno moja ambalo hujawahi kututafsiria, nalo ni sijui. Ukisema hujui, tutasimama, tutauliza, tutachelewa kidogo, basi. Ukijifanya unajua, sisi tumeshaondoka, tuko barabarani, na tumekuamini. Mimi pia nitalisema. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Papa."

Jioni, wote wakiwa sebuleni, Bibi alitoa kichupa cha vidonge alichopewa zahanati na kumpa mjukuu wake. "Nasikia wewe ndiye mwenye Kiingereza. Nisomee, ninywe vipi?"

Aksanti alisoma. Kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Kisha chini yake, kwa herufi nyekundu, palikuwa na neno refu ambalo hajawahi kuliona. Alilitazama. Bibi alikuwa amekwisha kukitoa kidonge, kiko kiganjani, na kikombe cha maji kiko mkono wa pili. Chumba kizima kilikuwa kinangoja. Baba mdogo alikuwa hapo, jamaa waliokuja kumwaga Bibi walikuwa hapo, na Papa alikuwa amesimama mlangoni.

"Sijui neno hili, Bibi," Aksanti alisema kwa Kiswahili. Masikio yake yaliwaka moto. "La mwisho, jekundu. Ngoja nimpigie mfamasia nimwulize."

Papa alimpa simu. Bibi alikirudisha kidonge kwenye kichupa, akakifunga, akaweka kikombe mezani.

"Basi piga, mwanangu," alisema. "Mimi nimengoja miaka yote hii kuwaona. Dakika moja haitaniua."